NYOTA YA KLEENE

Leo nawasimulia maisha ya mtu aliyeniokoa, ingawa alifariki kitambo kabla sijazaliwa.

Mwaka jana chama chetu hapa Namboboto kilinituma kuorodhesha anwani za tovuti za vyuo, ili ndugu zetu wa kidato cha nne wajue masomo yanayofundishwa huko. Nikaandika programu kwa lugha ya Python ya kutupa anwani zenye makosa. Kumbe ikaitupa mmust.ac.ke, ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro! Ruwaza yangu ilikubali neno, nukta, neno, basi. Binamu yangu akaikosa ubaoni, akapanda matatu hadi Kakamega kuuliza tu. Nauli ikaenda bure. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu aliponisahihisha ndipo nikamjua Stephen Cole Kleene. Alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mjini Hartford, Marekani. Alipata uzamifu Princeton mwaka 1934, akifundishwa na Alonzo Church, na kuanzia 1935 akafundisha hisabati Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la majini. Alipenda sana kupanda milima.

Mwaka 1951, akichunguza mitandao inayoiga neva za ubongo, alibuni ruwaza ambazo leo huitwa rejeksi. Ndipo ikatoka alama iitwayo nyota ya Kleene: kilichoitangulia kinaweza kukosekana, kuwepo mara moja, au kurudiwa mara nyingi. Siku hizo hata intaneti haikuwepo! Mwaka 1968 Ken Thompson alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta maneno kwa ruwaza hizo. Kleene alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1990, akafariki tarehe 25 Januari 1994.

Basi nami niliongeza nukta na neno ndani ya mabano, halafu nyota. Mmust.ac.ke ikapita. Lakini jihadharini: ruwaza hutazama umbo tu. Anwani yaweza kupita na tovuti isiwepo, kwa hiyo sasa nafungua kila moja mwenyewe.

Binamu amenisamehe. Nauli yake namlipa pole pole. Kwaherini.