Saito na Mzee wa Iwama

Morihei Ueshiba, mwasisi wa sanaa ya kujihami iitwayo aikido, alizaliwa Japani mwaka wa 1883. Alikuwa amekwisha kuingia uzeeni Morihiro Saito, kijana wa miaka 18, alipobisha hodi kwake Iwama mwaka wa 1946. Vita vilikuwa vimekwisha, chakula kilikuwa haba, na wanafunzi wengi walitawanyika. Saito alisalia. Alifanya kazi ya reli kwa zamu ya kutwa kucha, na siku yake ya mapumziko ikawa ya kulima shamba la mwalimu na kujifunza upanga na fimbo. Mkewe, ambaye aghalabu husahaulika katika masimulizi haya, aliwahudumia Ueshiba na mkewe, Hatsu. Ueshiba alifariki tarehe 26 Aprili 1969. Saito alilitunza hekalu la Iwama hadi alipofariki mwaka wa 2002.