Abbye Stockton na Vazi la Kunyanyua Vyuma

Juzi nilipozuru Kaloleni, mtaa niliokulia hapa Eastlands, nilielezwa kwamba binti mmoja wa jirani ameacha kunyanyua vyuma. Hakushindwa na uzito. Alishindwa na maneno ya watu kuhusu kaptura aliyoinunua Gikomba. Ndipo nikamkumbuka marehemu Abbye Stockton.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka wa 1917 nchini Marekani. Ujanani alikuwa mwunganishaji wa simu, kazi ya kuketi kutwa, akanenepa. Mchumba wake akampa vyuma vya mkononi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 walikuwa wakifanya sarakasi na mazoezi ufuoni Santa Monica, California, mbele ya umati. Madukani hapakuwa na vazi la mwanamke wa kazi hiyo. Mama yake akafumua sidiria kuukuu, akaitumia kama kipimo cha kukatia kitambaa, akamshonea vazi la vipande viwili lililompa nafasi ya kujinyosha na kujipinda.

Picha zake zilipamba majarida zaidi ya 40, lakini hakuridhika kutazamwa tu. Kuanzia mwaka wa 1944 aliandika safu ya kuwafunza wanawake wenzake kunyanyua vyuma. Mwaka wa 1947 alisaidia kuandaa mashindano ya kwanza ya wanawake kutambuliwa rasmi Marekani, naye akanyanyua ratili 135, yaani kilo 61 hivi. Alifariki mwaka wa 2006, miaka sita baada ya wanawake kukubaliwa kunyanyua vyuma katika Olimpiki ya Sydney.

Wapo watakaosema vazi lile halifai Pumwani wala Eastleigh. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka wa 2011 Kulsoom Abdullah, Mwislamu wa Marekani, aliomba kushindana akiwa amefunika mikono na miguu, na shirikisho la kimataifa likabadili kanuni. Mmoja alipunguza kitambaa, mwenziwe akakiongeza. Wote wawili walijichagulia.

Kiswahili hutofautisha kujifunika na kujisitiri. Kujifunika ni suala la kitambaa. Kujisitiri ni suala la heshima ya mtu. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Vivyo hivyo, vazi lililochaguliwa na wapita njia halimsitiri mnyanyuaji.

Basi walimu wenzangu, tumwulize binti yule ni vazi gani litakalomwezesha kurudi kwenye vyuma vyake, kisha tumtafutie fundi.