Bernard Brodie

Bernard Brodie (20 Mei 1910 – 24 Novemba 1978) alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mmoja wa watu wa kwanza kueleza kwamba bomu la atomu limebadilisha kazi ya majeshi: badala ya kujiandaa kushinda vita, yanapaswa kwanza kuvizuia visitokee. Maandiko yake yanahusu jinsi teknolojia na nishati mpya, kuanzia injini za mvuke hadi nguvu ya atomu, zilivyobadilisha vita na usalama wa mataifa.

Maisha ya awali

Brodie alizaliwa mjini Chicago katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Latvia. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, akapata shahada ya kwanza mwaka 1932 na shahada ya uzamivu mwaka 1940.

Mwaka 1936 alimwoa Fawn McKay, binti wa familia ya Wamormoni kutoka Utah. Baadaye Fawn Brodie alipata umaarufu wake mwenyewe kwa kuandika vitabu vya maisha ya watu, kikiwemo kile cha rais Thomas Jefferson. Walijaliwa watoto watatu.

Kutoka manowari hadi atomu

Kitabu chake cha kwanza, Sea Power in the Machine Age, kilitolewa mwaka 1941. Kinaeleza jinsi uvumbuzi wa mashine ulivyobadilisha nguvu za mataifa baharini. Meli za tanga zilitegemea upepo, ambao haununuliwi. Meli za mvuke zilihitaji makaa ya mawe, na kwa hiyo dola lenye manowari nyingi lilihitaji pia bandari za kujazia makaa njiani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Brodie alitumikia Jeshi la Majini la Marekani.

Mwaka 1945 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Yale. Tarehe 6 Agosti mwaka huohuo Marekani iliangusha bomu la atomu juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Inasimuliwa kwamba Brodie alipoisoma habari hiyo gazetini alimwambia mkewe kuwa yote aliyokuwa ameandika yamepitwa na wakati.

Hakusita kuanza upya. Mwaka 1946 alihariri kitabu The Absolute Weapon, alichokiandika pamoja na wenzake wa Yale. Hoja yake ilikuwa hivi: bomu moja linatosha kuharibu mji, na hakuna ulinzi unaoweza kuzuia kila bomu. Tena, nchi yenye mabomu ya kutosha kuharibu miji ya adui haipati faida kubwa kwa kuongeza mengine. Kwa hiyo usalama hutokana na kumfanya adui ajue kwamba akishambulia, naye atapigwa.

Mwaka 1947 aliandika pia kuhusu mafuta ya nchi za nje na usalama wa Marekani. Suala hilo lilikuwa la karibu sana, kwani mwaka 1948 Marekani ilianza kuagiza mafuta mengi kuliko iliyouza nje.

RAND na mabishano

Mwaka 1951 Brodie alijiunga na RAND, taasisi ya utafiti ya California iliyofanya kazi nyingi kwa ajili ya Jeshi la Anga. Kabla ya hapo alikuwa ameipitia mipango ya jeshi hilo ya kuushambulia Umoja wa Kisovyeti, akaikosoa. Aliona kwamba kuiteketeza miji yote kwa mara moja kungemwondolea adui kila sababu ya kujizuia.

Katika Strategy in the Missile Age (1959) alipinga wazo la kumshambulia adui mapema kabla hajapata nguvu. Alisisitiza kwamba silaha za kulipiza kisasi zilindwe vizuri ili ziweze kunusurika shambulio la kwanza. Alitambua pia ugumu wa mpango huo: lazima silaha ziwe tayari kila siku, huku lengo likiwa zisitumike kamwe.

Hakukubaliana na wenzake katika kila jambo. Katika miaka ya 1960 wengi wao walitaka majeshi ya kawaida yaongezwe sana barani Ulaya, lakini yeye aliona kuwa hofu ya silaha za nyuklia ingetosha kuzuia shambulio kubwa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1966 alihamia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwa profesa. Katika War and Politics (1973) alikosoa vita vya Marekani nchini Vietnam. Alimfuata mwanafalsafa wa vita Carl von Clausewitz wa Prussia, aliyefundisha kwamba vita havina maana visipotumikia lengo la kisiasa. Aliandika mwongozo wa wasomaji katika tafsiri mpya ya kitabu cha Clausewitz, iliyotolewa mwaka 1976 na Michael Howard na Peter Paret.

Brodie alifariki kwa saratani mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 68.

Urithi

Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, alimhesabu Brodie kuwa wa kwanza kati ya wataalamu wa mikakati ya nyuklia. Tangu Nagasaki ilipopigwa tarehe 9 Agosti 1945, silaha hizo hazijatumika tena vitani. Wataalamu bado wanabishana iwapo sababu ni hofu aliyoieleza Brodie, makubaliano kati ya mataifa, au bahati tu.