Noah Webster na Kitabu cha Jalada la Buluu

Mwanafunzi mwenzangu, hebu kumbuka ulipokuwa darasa la kwanza. Mwalimu aliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, nasi tukaimba kwa sauti hadi darasa la jirani likatusikia. Haikuchukua muda, tukawa tunasoma baba, babu na bibi bila taabu. Kisha likaja somo la Kiingereza, mambo yakageuka. Herufi a ilikuwa na sauti moja katika cat, nyingine katika cake na nyingine tena katika ball. Siku ya imla ikifika, matumbo yalituuma! Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyejitahidi kuwafungulia watoto fumbo hilo. Jina lake ni Noah Webster.

Webster alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1758 huko West Hartford, Connecticut, wakati eneo hilo lilikuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Alipoona kijana wake anapenda vitabu kuliko jembe, aliweka shamba rehani ili amsomeshe katika Chuo cha Yale. Webster aliingia chuoni mwaka 1774 na kuhitimu mwaka 1778, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa vimepamba moto. Alitamani kuwa mwanasheria, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Basi, akashika kazi ya ualimu.

Huko shuleni aliyoyaona hayakumfurahisha. Watoto wa kila umri walirundikana katika chumba kimoja, na vitabu vilikuwa haba. Kitabu cha tahajia kilichotumika sana kiliandikwa na Mwingereza, Thomas Dilworth. Kitabu hicho kiliyakata maneno kwa kanuni za kale, si kwa jinsi yanavyotamkwa. Neno cluster lilikatwa clu-ster, na nation likawa na silabi tatu, na-ti-on. Mtoto alisoma kitu kimoja huku sikio lake likisikia kingine. Webster akaona afadhali kufuata sikio: clus-ter, na-tion.

Mwaka 1783, akiwa kijana wa karibu miaka 25, alitoa kitabu chake mwenyewe. Kilianza na herufi na sauti zake. Kisha zilikuja safu za ba, be, bi, bo, bu, naam, kama zile zetu! Baadaye yalifuata maneno ya silabi moja, mbili, tatu, na kuendelea. Juu ya irabu aliweka tarakimu ndogo za kumwonyesha mtoto ni sauti ipi atoe. Kwa kuwa jalada lake lilikuwa la buluu, kitabu hicho kilijulikana kwa rangi hiyo. Mamilioni mengi ya nakala yaliuzwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wakati huo Marekani haikuwa na sheria moja ya hakimiliki. Mtu yeyote angeweza kukichapisha kitabu chake na kula jasho lake. Webster alisafiri kutoka jimbo hadi jimbo akiwasihi wakubwa watunge sheria za kuwalinda waandishi. Sheria ya taifa zima ilipatikana mwaka 1790.

Mwaka 1789 alikwenda mbali zaidi. Alipendekeza herufi zisizotamkwa ziondolewe kabisa. Baadaye alijaribu hata kuandika tung badala ya tongue, na wimmen badala ya women. Watu walimcheka, na maneno hayo hayakushika. Lakini color, honor na center yalikubaliwa kwao. Ukiandika color hapa kwetu, usishangae kuona kalamu nyekundu ya mwalimu, kwani sisi tulirithi tahajia ya Uingereza. Hata hivyo, music bila k mwishoni tunaiandika sote, na Webster alikuwa mmoja wa walioitetea.

Kazi yake kubwa ilikuwa kamusi. Aliitoa mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 70, ikiwa na maneno yapatayo 70,000. Kamusi hiyo haikumtajirisha. Katika miaka yote aliyoiandaa, familia yake ilitegemea kile kitabu kidogo cha watoto, ambacho kila nakala ilimpa chini ya senti moja. Haba na haba hujaza kibaba. Alifariki tarehe 28 Mei 1843 mjini New Haven.

Lakini kitabu chake kilifika mikononi mwa watu ambao hakuwaandikia. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818. Akiwa mtoto mjini Baltimore, mke wa bwana wake alianza kumfunza herufi, lakini mumewe akapiga marufuku. Waliogopa mtumwa anayejua kusoma. Douglass hakukata tamaa. Alitia kitabu cha Webster mfukoni na kuwaomba wavulana wa Kizungu mtaani wamfunze. Baadaye alinakili herufi zake hadi mkono ukazoea. Mwaka 1838 alitoroka, akawa msemaji na mwandishi mashuhuri wa kupinga utumwa.

Booker T. Washington naye alizaliwa utumwani, mwaka 1856. Baada ya kuwekwa huru, mama yake, ambaye hakujua kusoma, alimtafutia nakala kuukuu ya kitabu hicho. Mtoto akakaa nayo akijifunza bila mwalimu. Mwaka 1881 akawa mkuu wa kwanza wa shule ya Tuskegee.

Mnaona basi, wenzangu? Kamusi nene ndiyo iliyompa Webster sifa, lakini kile kijitabu cha silabi ndicho kilichowafungulia wengi mlango. Kwa hiyo, ukienda likizo na kumkuta ndugu yako mdogo amekwama kwenye neno, usimcheke wala usimsomee. Mkatie vipande, mwache atamke kimoja kimoja, kisha aviunge mwenyewe. Akishaliweza hilo moja, utamwona anaurukia mstari unaofuata kabla hujamwambia.