Marehemu Alidina Visram

Marehemu Alidina Visram alizaliwa Kera, katika nchi ya Kachchh, Bara Hindi, akafika Bagamoyo mwaka 1863, naye angali mtoto. Alianza kazi kwa Sewa Haji, tajiri wa misafara, na kwake ndiko alikojifunza biashara. Baadaye alieneza maduka yake hata Uganda. Vijana wageni aliwapokea wawe makarani, akawapa bidhaa kwa mkopo, hata wengi wakafungua maduka yao wenyewe. Alifariki mwaka 1916. Kampuni yake haikudumu miaka mingi baada yake, lakini wale aliowainua waliendelea, na shule yenye jina lake ingalipo Mombasa. Mali hutawanyika, aliyewafundisha watu kazi, thawabu yake haikatiki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.