Charles Tombeur: jenerali aliyeondokea Kibati akateka Tabora

Msafiri anayetoka Lushebere, wilayani Masisi, hupita Sake, kisha Goma, na akishika barabara ya Rutshuru hufika Kibati. Leo wengi wanaijua Kibati kwa sababu ya kambi za wakimbizi wa vita. Wachache wanajua kwamba mwaka 1916 hapo ndipo palikuwa makao makuu ya Charles Tombeur, mkuu wa majeshi ya Kongo ya Wabelgiji.

Tombeur alizaliwa Liège, Ubelgiji, tarehe 4 Mei 1867. Alifika Kongo mwaka 1902 akiwa afisa wa jeshi, akatumika Uele na baadaye Katanga.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walitawala Rwanda, Burundi na Tanganyika. Mwezi Septemba mwaka huo waliteka kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu. Mwanzoni mwa 1915 Tombeur alikabidhiwa ulinzi wa mpaka wote wa mashariki.

Aligawa jeshi lake, Force Publique, katika brigedi mbili. Ile ya kaskazini iliongozwa na Molitor, ya kusini na Olsen, raia wa Denmark. Maafisa walikuwa wazungu. Askari walikuwa Wakongomani. Mashambulizi yalianza Aprili 1916. Kigali ilianguka tarehe 6 Mei, Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwezi Juni, na Kigoma mwishoni mwa Julai. Baada ya mapigano makali ya Itaga, Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba.

Lakini hakukuwa na barabara wala magari ya kubeba risasi na chakula. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani. Inakadiriwa kuwa Wabelgiji walitumia wapagazi 260,000 hivi katika vita hivyo, wengi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini. Maelfu walikufa kwa njaa, baridi, kuhara damu na uchovu, mbali na kwao.

Ushindi huo uliwapa Wabelgiji nguvu mezani baada ya vita, wakaachiwa Rwanda na Burundi. Tabora ilikwenda kwa Waingereza. Tombeur alirudi kutawala Katanga hadi 1920. Mwaka 1926 mfalme alimpa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaungwa na lake. Alifariki Brussels tarehe 2 Desemba 1947, na mwaka 1951 akajengewa mnara huko huko, mtaa wa Saint-Gilles.

Wapagazi hawakupewa cheo, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Huku Masisi, ambako raia bado wanalazimishwa kubebea wenye silaha mizigo, hesabu hiyo inaeleweka bila kufafanuliwa: Tabora ilitekwa kwa migongo yao pia.