Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Maisha ya Azizul Haque wa Alama za Vidole

Msomaji aliyepata kuingia katika masijala ya serikali, iwe Mombasa, Lamu au Unguja, amekwisha kuona namna karani anavyoitafuta kadi ya mtu. Hazisomi kadi zote zilizomo katika mtoto wa meza, maana angekesha. Hutazama vijilebo vilivyochomoza juu, kila kimoja na herufi au nambari yake, akaenda moja kwa moja pale apatakapo. Kazi ikizidi, kijilebo huchomolewa kikachomekwa mahali pengine, na kadi zilizo chini yake hazibadiliki hata nukta. Ni kitu kidogo, walakini kina hukumu kubwa: atazamaye kijilebo tu, asiifunue kadi, huamini kuwa jina lililo juu ndilo lenye mali iliyo chini.

Leo nataka kumfunua mtu aliyefunikwa na kijilebo cha mwenzake. Naye ni marehemu Qazi Azizul Haque, Mwislamu wa Bengal, ambaye hesabu yake ndiyo iliyoiwezesha dunia kuziweka alama za vidole za watu kwa maelfu, kisha kuitoa ya mmoja kwa muda mfupi. Dunia yaijua hesabu hiyo kwa jina la Bwana Edward Henry, Mwingereza.

Nayaandika haya nikiwa Matungu, katika Kakamega, nchi ya Wawanga iliyo jirani na Mumias. Sisi watu wa pwani si wageni huku. Misafara ya wazee wetu ilikuwa ikifika kwa Nabongo wa Wanga katika karne ya 19, na Uislamu ukashika mizizi Mumias, hata leo adhana yasikika katikati ya mashamba ya miwa. Mimi nilikuja kwa mazungumzo ya mashairi, lakini kilichonishika ni kikopo cha bati nilichoonyeshwa katika nyumba moja. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa hata ikachakaa kwenye mikunjo, na juu ya karatasi wino mweusi wa alama ya kidole. Ni kipande cha marehemu babu yao. Wenye nyumba wayajua vyema mateso ya kipande, ila habari ya kuwa fikra iliyo nyuma ya wino ule ilitoka katika kichwa cha Mwislamu yatima ilikuwa mpya kwao. Huenda ikawa mpya kwa wengi wetu.

Azizul Haque alizaliwa mwaka 1872 katika kijiji cha Paigram Kasba, sehemu za Khulna, ambazo leo zimo katika nchi ya Bangladesh. Neno Qazi ndilo hilo hilo letu kadhi, ila kwake lilikuwa jina la ukoo. Angali mdogo, wazazi wake wote wawili walikufa maji chombo kilipozama, akabaki mikononi mwa kaka yake mkubwa. Jamaa zake wasimulia kuwa mtoto huyu alipenda sana kula, na nyumba yenyewe ilikuwa ya shida. Siku moja alikula hata fungu la kaka yake, akapigwa, naye akatoroka. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12. Akaenda zake Calcutta, mji asiokuwa na mtu wake ndani yake. Mola akamjaalia watu wema waliomhifadhi, nao walipoona jinsi anavyozicheza hesabu wakamtia shule. Mtoto aliyefukuzwa na sahani ya wali akafika hata Presidency College, chuo kikubwa cha Calcutta, akasoma hisabati.

Mwaka 1892 Bwana Edward Henry, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Bengal, alimwomba mkuu wa chuo hicho ampatie kijana hodari wa hesabu. Aliyeteuliwa ni Azizul Haque, akaajiriwa kuwa afisa mdogo wa polisi.

Kazi ilikuwa hii. Mhalifu akikamatwa Calcutta hutaja jina moja, akikamatwa kwingine hutaja jina jingine. Polisi watajuaje kuwa ni yule yule? Mtindo uliokuwa ukitumika ni wa Mfaransa Alphonse Bertillon: mtu hupimwa kichwa, mkono, mguu na kidole, vipimo vikaandikwa kwenye kadi. Ulikuwa mtindo mzito. Wapimaji wawili humpima mtu mmoja wakapata vipimo viwili mbali mbali, na kadi ikiwekwa chini ya kipimo cha makosa ni kama imetupwa baharini.

Alama za vidole zilikuwa zimekwisha kujulikana. William Herschel, hakimu wa Kiingereza huko huko Bengal, alianza kuzitumia katika mikataba tangu mwaka 1858. Francis Galton akatoa kitabu juu yake London mwaka 1892. Na sisi Waislamu twajua kwamba katika Suratul Qiyama, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amezitaja ncha za vidole pale anapowajibu wanaokanusha kufufuliwa, kwamba yeye aweza kuzirudisha zilivyokuwa. Basi shida ya Calcutta haikuwa kujua kama alama za watu hutofautiana. Shida ilikuwa ya masijala. Ukiwa na karatasi za watu elfu kumi, kila moja ina vidole kumi, na mkononi una karatasi moja ya mtu asiyejulikana, utaanza kutafuta wapi? Majina hayafai, maana jina ndilo lililofichwa. Galton mwenyewe alijaribu kuzipanga, asipate njia nyepesi ya kutumika kazini.

Hapo ndipo ilipoingia akili ya Azizul Haque. Alama za vidole ni za namna chache: kuna tao, kuna kitanzi, na kuna duara kama lile la maji yaliyotupiwa jiwe. Yeye aliuliza swali moja tu kwa kila kidole: kina duara au hakina? Akavipanga vidole kumi jozi tano, kuanzia gumba la kulia hata kidole cha mwisho cha kushoto. Kidole chenye duara katika jozi ya kwanza hupewa 16, katika ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, na ya tano 1. Kisicho na duara hakipati kitu. Kidole kimoja katika kila jozi huhesabiwa upande wa juu, mwenziwe upande wa chini, na kila upande ukaongezwa 1. Mtu asiye na duara hata moja huwa 1 juu ya 1. Mwenye maduara kumi huwa 32 juu ya 32. Watu wengine wote wa dunia hii wamo baina ya hao wawili.

Mara 32 kwa 32 ni 1,024. Kabati likatengenezwa lenye vitundu 1,024, safu 32 za kwenda na 32 za kushuka, kila kitundu na nambari yake. Msomaji wa pwani ataiona picha hii upesi nikimkumbusha bao letu la kete, lenye mashimo 32. Panga mabao 32, kila bao chini ya jingine, na hilo ndilo kabati la Azizul Haque. Karani akipewa karatasi hahitaji jina wala sura. Huhesabu, akaenda kwenye shimo lake, na huko hukuta karatasi chache za kulinganisha, badala ya elfu kumi.

Pamoja naye alifanya kazi Hem Chandra Bose, Mhindu, aliyebuni pia njia ya kuieleza alama ya kidole kwa simu ya maandishi. Katika mwaka 1897 kamati ya serikali iliuchungua mtindo huu ikauridhia, na ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Calcutta. Haukupita muda mrefu ikapata mtihani. Meneja wa shamba la chai huko Jalpaiguri aliuawa, na katika vitu vyake ikapatikana alama ya kidole chenye damu. Kabati likamtoa Kangali Charan, mtumishi wake wa zamani aliyepata kufungwa. Mahakama, mwaka 1898, ilimhukumu kwa wizi, lakini haikumhukumu kwa kuua, kwa kuwa hapakuwa na aliyeshuhudia.

Mwaka 1900 kitabu cha mtindo huu kilitoka. Jina juu ya jalada lilikuwa moja, la Edward Henry. Tarehe 1 Julai 1901 ofisi ya alama za vidole ikafunguliwa Scotland Yard, London, chini ya Henry huyo huyo. Mwaka 1903 akawa mkuu wa polisi wa London, kisha akapewa cheo cha Sir. Ikaenea hadithi kuwa fikra ile ilimjia akiwa ndani ya gari moshi, akakosa karatasi, akaiandika juu ya mkono wa shati lake. Hadithi tamu, na shati lilikuwa lake. Vitundu 1,024 vilikuwa vya nani?

Azizul Haque alibaki Bara Hindi akifanya kazi ya polisi. Bihar ilipotengwa na Bengal mwaka 1912, yeye aliingia polisi wa Bihar. Mwaka 1913 alipewa heshima ya Khan Sahib, na mwaka 1924 ya Khan Bahadur. Hakunyamaza. Alipeleka maombi kwa serikali kwamba kazi yake itambuliwe, na baada ya kungoja miaka mingi akapewa rupia 5,000. Bose naye alipewa kiasi hicho. Mwaka 1926, Henry akiwa mzee aliyestaafu, aliiandikia ofisi ya mambo ya Bara Hindi iliyokuwa London, akakiri kwamba katika watumishi wake wote hapana aliyechangia mtindo ule kumshinda Azizul Haque. Nasema Henry alifanya vyema kukiri, na nasema pia kwamba ilipita miaka 26 tangu kitabu chake kutoka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naye alipewa haki yake katika barua ya ofisini, si juu ya jalada. Azizul Haque alikufa mwaka 1935 huko Motihari, Bihar, alikokuwa amefanya maskani.

Sasa turudi upande wetu wa bahari. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, ikazuiwa na vita, ikaanza kutumika baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye alama ya kidole, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Tajiri wake asipomtia sahihi ya kumwachilia, hapati kazi kwingine. Akitoroka shamba la mlowezi, kumbukumbu za Nairobi zilimfuata hata kwao. Vijana wa nchi hii ya Kakamega walivivaa vikopo hivyo wakienda kutafuta kazi za mashamba na za reli. Mwaka 1921 Harry Thuku alisimama kukipinga kipande, na huku Kavirondo wazee na vijana walikutana mwaka huo huo kwa malalamiko hayo hayo. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ili iwaingize watu wa kila rangi, na walowezi walipoambiwa kuwa nao watatia vidole vyao katika wino walipiga kelele nyingi. Wino ule ule waliouona ni halali kwa mtu wa Matungu wakauona ni aibu kwao.

Je, tumlaumu Azizul Haque? Mimi simlaumu. Hesabu yake haimjui Mwafrika wala Mzungu. Yaujua mviringo wa kidole tu. Kabati lile lile lililomfunga mtu wa Matungu kwa tajiri wake limewaokoa wengine waliosingiziwa, maana alama isiyokuwa yako haiwezi kuwa yako. Dhuluma ilikuwa katika mkono uliolishika kabati, na katika sheria iliyochagua nani atiwe ndani na nani asitiwe. Walakini twaweza kuona ajabu ya mambo: Mwislamu wa Bengal aliyenyimwa jina lake, na Mwislamu wa Wanga aliyetiwa nambari shingoni, wote wawili walikuwa katika masijala ya dola moja, wala hawakujuana.

Siku hizi kompyuta ndizo zitafutazo alama za vidole, na kabati la vitundu limestaafu. Lakini kijilebo kimeanza kuhamishwa. Wataalamu wa alama za vidole wa Uingereza wameweka tuzo ya utafiti kwa majina ya Haque na Bose, na wenye kuandika historia hiyo leo huwataja wote watatu.

Nasi tuna kadi zetu za kufunua. Diwani ya Muyaka iliyopigwa chapa mwaka 1940 ilitoka kwa mkono wa Hichens, kutokana na karatasi za Taylor. Lakini aliyeyakusanya mashairi yale Mombasa kabla hayajapotea ni Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890. Ni wangapi katika vijana wetu wanaolijua jina hilo? Yafaa walimu wa madrasa na wa skuli walitaje pamoja na Muyaka kila wanapomsomesha, kabla wazee wanaolikumbuka hawajatutoka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Qazi Azizul Haque, na amrehemu mwenye kikopo cha Matungu. Amin.